Mkalimani na Disketi ya Mbuchi

Mkalimani hakupenda maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi, ukaongeza habari za nyumbani, za watoto, za kulala na za kuamka, alikuacha umalize zote, kisha akazijibu kwa mkupuo mmoja: "Salama." Siku moja mama muuza vitumbua pale stendi ya Kibiti alimuuliza anataka vya moto au vya jana, maana vya jana ni nafuu, ila vya moto vina hiliki, na kama ana haraka vya jana viko karibu. Akasema, "Moto." Yule mama akasubiri, akidhani kuna neno la pili linakuja. Halikuja. Baadaye akaniuliza, "Huyu bwana maneno anayanunua wapi, mbona anayabana hivyo?"

Sote tulimwita Mkalimani kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Dar es Salaam, katika shirika moja la umma. Alikuwa akitafsiri vitabu vya mashine, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, ili mafundi wasikatwe vidole. Kisha ikaja miaka ile mashirika yanauzwa. Shirika lake likapata mnunuzi, na mnunuzi akaona fundi asiyejua Kiingereza hana haja naye, na anayekijua hana haja ya mkalimani. Wakapunguzwa. Naye akarudi Kibiti na sanduku la bati na kamusi mbili, akatuambia yuko likizo.

Likizo hiyo ilikuwa ndefu. Watoto waliozaliwa mwaka aliorudi walianza shule, naye bado yuko likizo. Hakuna aliyemuuliza. Watu wa kwetu wana adabu yao. Mtu akijifunika shuka, humvui ili uone kama amelala kweli.

Kwangu alikuwa shemeji, ingawa si wa damu. Yeye na marehemu mume wangu walikuwa marafiki tangu ujana, na mume wangu alipofariki aliniachia chumba kimoja pembeni mwa stendi, chenye taipu, mashine ya fotokopi na jenereta lililokuwa likikohoa kama mzee wa tumbaku. Mkalimani alikuja pale kila asubuhi kana kwamba anaripoti kazini. Suti yake ya kaunda imepigwa pasi, kalamu mfukoni, viatu vimeng'arishwa ingawa mchanga wa Kibiti haujali kiatu cha mtu. Alikaa kwenye meza ya pembeni na kuwaandikia watu barua na maombi. Hakutoza. Akipewa kitu alikipokea. Asipopewa, aliaga vilevile. Lakini kalamu yake ukiiazima usiirudishe, atakufuata mpaka kwako.

Aibu ya kupunguzwa ilimkaa mwilini. Basi la kutoka Dar likisimama, kwanza alichungulia nani anashuka. Akimwona mtu anayemjua, aliingia chumba cha nyuma na kukaa kati ya maboksi ya karatasi mpaka basi liondoke. Mara moja alishuka tarishi wa ofisi yao ya zamani, mtu mcheshi, akaja kwangu kutoa fotokopi ya cheti. Akanogewa na mazungumzo. Anasimulia, mimi naitikia, na kule nyuma Mkalimani hata kupumua hapumui. Vumbi la karatasi likamshinda, akapiga chafya.

"Kuna nani huko?" tarishi akauliza.

"Paka," nikasema.

"Paka huyo ana mafua, mama. Mpe tangawizi."

Mkalimani hakunisemesha siku kadhaa, kana kwamba mimi ndiye niliyepiga chafya.

Alikuwa na misemo yake. "Neno la ziada ni mwizi." "Maelekezo si ngonjera." Mtu alikuja kuandikiwa barua, akamwaga moyo wake wote, naye akausikiliza akiwa amefumba macho na kuandika mistari miwili. Kuna bwana mmoja mkata boriti ambaye mkewe alikuwa amerudi kwao Nyamisati. Alisema maneno ya kujaza kurasa: mama mkwe, sufuria, wivu, sikukuu iliyopita. Mkalimani akaandika: "Nimekosa. Rudi." Yule bwana akataka kugoma, mimi nikamwambia ajaribu. Mke akarudi kabla ya mwezi kuandama. Tangu hapo sifa ya Mkalimani ikafika mpaka delta, kule mto unakoingia baharini, naye akazidi kuamini kwamba kila jambo duniani likikatwakatwa linapona.

Lakini mtu huyohuyo alipenda matangazo ya mpira redioni kuliko chakula. Mtangazaji anamwaga maneno kama maharage kwenye sinia, na Mkalimani ameegemea redio, ametabasamu. Nilimwuliza siku moja, mbona yule humkati? Akasema, "Yule hamwelekezi mtu afanye kitu." Sikuelewa wakati ule.

Nilipopata kompyuta, ilikuwa ya mtumba, kubwa kama kabati la vyombo. Kijana aliyeniuzia kutoka Dar aliniwekea ndani programu ya kuandikia barua ambayo alisema ni huria. Hainunuliwi. Inatengenezwa na watu wa kujitolea walio kila pembe ya dunia, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuifungua ndani na kuirekebisha. Aliniachia pia kitabu cha mwongozo, Kiingereza kitupu. Nikampelekea Mkalimani.

"Huria?" Alilitamka neno hilo kama aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Soko huria ndilo lililomrudisha Kibiti. "Huria ya kwanza iliniondolea kazi yenye mshahara. Hii inataka kunipa isiyo na mshahara. Tusubiri ya tatu."

Hata hivyo alikisoma. Alikisoma kama wengine wanavyosoma habari za kwao wakiwa ugenini. Mwishoni kabisa kulikuwa na ukurasa uliosema kwamba kila msomaji anaalikwa kusahihisha mwongozo ule, kuuongezea au kuutafsiri, na kazi yake itapokelewa. Akaurudia. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kuniangalia:

"Wanamwalika nani?"

"Si wamesema kila msomaji?"

"Hata aliye likizo?"

Nikajifanya nahesabu karatasi, maana macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

Alichagua sura inayoeleza jinsi ya kuhifadhi kazi yako kwenye disketi, kwa kuwa hapo ndipo mimi nilipokuwa nikikwama kila siku. Aliifanyia kazi muda mrefu, mezani pake, kwa kalamu. Kompyuta yenyewe hakuigusa. Sikuona ajabu, hata mashine za shirika alizitafsiri miaka yote bila kuziwasha, walikuwapo wa kuziwasha. Alipomaliza alinipa niichape. Nikaona ya Kiingereza ni aya nzima, ya kwake mistari mitatu:

Andaa disketi.
Ukiulizwa, kubali.
Hifadhi.

"Shemeji," nikasema, "mbona ya kwao ndefu hivi?"

"Kiingereza kinapenda kujihami. Kama hivi, kama vile, endapo, isipokuwa. Mtu amekaa mbele ya mashine, anataka kujua abonyeze nini."

Na kwa kweli ilikuwa safi. Nilijivunia kuichapa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitumia disketi mpya kila mara, kwa hiyo hatua zake zilinifaa bila tatizo.

Akasafiri kwenda Dar, akaingia duka la intaneti, akaituma. Alirudi na jibu limechapwa, limekunjwa vizuri ndani ya kamusi. Mratibu wa mwongozo, mama mmoja wa nchi ya mbali yenye baridi, alimshukuru kwa mchango wake wa kwanza, akasema umeingizwa, na jina lake limewekwa pamoja na majina ya wachangiaji wengine wa dunia nzima. Siku ile Mkalimani alizungumza. Alimsimulia mama wa vitumbua habari yote tangu mwanzo, yule mama anakaanga huku anageuza shingo kumtazama, haamini masikio yake. Alininunulia soda. Basi la Dar likasimama, likashusha watu, naye hakunyanyuka kitini. Akabaki pale pale mbele, mguu juu ya mguu.

Tukatoa nakala za ukurasa ule, na jina lake chini. Waliokuwa na kompyuta wakati ule hawakuwa wengi, shule mbili tatu na ofisi za kata, lakini kila aliyekuwa nayo alitaka karatasi ya Kiswahili. Nyingine ilifika Mbuchi.

Mbuchi iko ndani ya delta, mashamba ya mpunga na mikoko na vijito vinavyojaa na kupwa. Wahisani fulani walikuwa wamewaachia wanakijiji kompyuta moja na bamba la kuvuta umeme wa jua. Miaka hiyo kulikuwa na mwekezaji aliyetaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, na ramani yake ilisema sehemu kubwa ya eneo ni pori lisilo na mwenyewe. Serikali ikasema itatuma kamati kusikiliza. Wakulima wakamchagua mmoja wao, Bwana Hemedi, akusanye maelezo ya wazee: nani analima wapi, mpaka uko kwenye mti gani, baba yake nani alifyeka. Hemedi alizunguka kuwasikiliza, akayachapa maelezo hayo kwenye ile kompyuta moja. Kwa kuwa ilitumiwa na kila mtu, aliyahifadhi kwenye disketi yake.

Ulikuwa mchana wa joto Hemedi alipoingia kwangu. Mtu wa makamo, suruali imekunjwa, miguu ina tope kavu la delta. Akatoa disketi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na ule mfuko ndani ya kitambaa.

"Dada, naambiwa wewe una kompyuta kubwa. Ya kwetu haioni vyote vilivyomo humu. Labda yako ina macho zaidi."

Nikaiingiza. Kulikuwa na faili moja tu.

"Ehe, hiyo ya mwisho," akasema. "Nataka zile nyingine. Za wazee wote."

"Hamna nyingine, kaka."

"Zimo. Nimeziweka kwa mkono wangu." Akaanza kucheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mzaha uishe. "Juzi nilikaa kuongeza mzee wa mwisho. Kabla ya hapo nilikuwa naelekezwa na kijana wa wahisani, akaondoka. Nikapata karatasi. Nikaifuata hatua kwa hatua, sikuruka." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya kibodi yangu. "Andaa disketi. Nikaandaa. Mashine ikaniuliza swali kwa Kizungu, karatasi inasema kubali. Nikakubali. Hifadhi. Nikahifadhi."

Nilichukua kile kitabu cha Kiingereza nikamwita Mkalimani, ambaye alikuwa mezani pake anasikia kila neno. "Shemeji, hebu tusomee hapa pamesemaje."

Hakuja. Alikitazama kitabu kutoka pale alipo. Kisha akasema, kwa moyo, bila kukifungua: "Kama disketi ni mpya, au haina kitu unachokihitaji, iandae kwanza. Kuiandaa kunafuta vyote vilivyomo. Utaulizwa kama una hakika."

Hemedi akaipitia tena karatasi yake, kidole chini ya kila mstari.

"Mbona karatasi haikusema hivyo?" Hemedi akauliza. Aliniuliza mimi. Hakumjua Mkalimani.

Mkalimani akanyanyuka, akavaa koti lake, akatoka nje. Nikamwona kupitia dirishani amesimama katikati ya stendi, mabasi yanampigia honi. Nilidhani anakwenda zake. Lakini akageuka, akarudi, akasimama mlangoni.

"Niliandika mimi," akasema.

Hemedi alimwangalia kuanzia viatu mpaka kola. "Hili jina hapa chini ni lako?"

"Langu."

"Wewe ni mtu mzima," Hemedi akasema taratibu. "Kiswahili ni chetu sote. Umeandika andaa. Mke wangu akiniandalia chakula, haanzi kwa kukimwaga."

Mkalimani alifungua kinywa. Nilimjua miaka mingi, na sikuwahi kumwona akitafuta neno akalikosa.

"Maandishi ya mkono unayo?" hatimaye akauliza.

"Tuliwashia moto. Ya nini kutunza karatasi na kompyuta tunayo?" Sasa sauti ya Hemedi ilikuwa imepasuka. "Kamati inakuja mwezi ukiisha. Wazee wale nimewapigia magoti waseme. Nikawaambie nini?"

"Twende wote," Mkalimani akasema. "Nitawaambia mimi."

Waliondoka asubuhi iliyofuata, kwa gari la mizigo mpaka Nyamisati, na kutoka pale kwa mtumbwi wa mashine maji yalipojaa. Alibeba kamusi, sijui za nini, na rundo la karatasi nililompa.

Ya Mbuchi nilisimuliwa na Hemedi. Anasema wazee walikusanyika, na Mkalimani akasimama mbele yao katika suti yake ya kaunda, tope hadi magotini, akawaambia: maneno yenu yamefutika, aliyeyafuta ni mimi, nimekuja kuyaandika upya. Wengine walidhani ni mtu wa mwekezaji. Mmoja akasema kwa Kindengereko jambo lililowachekesha wote, na Mkalimani, ambaye Kindengereko anakijua vizuri, akasimama akilipokea hadi kicheko kilipoisha.

Akaanza kuzunguka dungu hadi dungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo watu wanakaa shambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Alipanda ngazi, akakaa, akasikiliza, akaandika. Lakini tabia ni ngozi. Kwa bibi wa kwanza aliandika kama alivyozoea. Bibi yule, jina lake Bi Mwanahawa, hakujua kusoma, ila aliona mkono wa mwandishi umepumzika wakati yeye bado anasema.

"Nisomee," akasema.

Akamsomea: "Ninalima kaskazini ya kijito."

"Hayo si yangu. Nimekwambia, mvua ikiwahi tunalima kaskazini ya kijito, ikichelewa tunavuka upande wa pili, na maji ya chumvi yakipanda tunauacha upande huo upumzike. Wewe umenipa upande mmoja. Ule wa pili umempa nani?"

Hemedi anasema Mkalimani aliichana ile karatasi. Akaanza upya, na tangu hapo aliandika kila kitu: kikohozi tu ndicho alichoacha. Alikaa huko hadi siku za mwisho kabla ya kamati kufika, anakula anachopewa, na anachopewa alikula kidogo sana, kwa kuwa aliona haya kula chakula cha watu aliowakosea.

Wote walisema tena, isipokuwa mmoja. Katikati ya maelezo ya kwanza na haya ya pili, mzee mmoja aliyelima mbali kuliko wote, kule karibu na mdomo wa mto, alikuwa amefariki. Huko mbali walilima yeye na mkewe peke yao. Hemedi aliyakumbuka maelezo yake kuwa marefu na mazuri, lakini mipaka yenyewe, mti gani, kijito gani, hakuikumbuka. Mkalimani akaenda kwa mjane. Mama yule alikuwa kwenye eda, amekaa ndani, wakazungumza kupitia pazia.

"Alisema vizuri sana siku ile," mjane akamwambia. "Mimi nilikuwa napika. Nilijua yeye anayajua, kwa hiyo mimi sikuyashika."

"Jaribu, mama. Mti wowote."

"Mwanangu, nilikwenda shambani nikimfuata mgongo wake. Sikutazama miti."

Kamati ilikuja. Maelezo yakasomwa, mengi yakapokelewa, na ramani ya mwekezaji ikarudishwa nyuma kutoka mashamba mengi. Upande wa pili wa Bi Mwanahawa ulibaki kwake. Lakini kule mdomoni mwa mto hakukuwa na maelezo, na mstari ukapita hapo. Mikoko ikakatwa, yakachimbwa mabwawa machache. Baada ya misimu michache mwekezaji akaondoka kwa sababu zake mwenyewe, akaacha mashimo ya maji ya chumvi ambamo mpunga hauoti. Mjane alikwishahamia kwa ndugu yake.

Watu wa Mbuchi hawakumlaani Mkalimani. Wapo waliomsifu, wakisema maandishi ya pili yalikuwa bora kuliko ya kwanza, na kwamba bila yeye wangeingia mbele ya kamati mikono mitupu. Nilimpelekea maneno hayo nikidhani nampelekea dawa. Akasema, "Mimi ndiye niliyewafanya wawe mikono mitupu, shemeji. Mtu akikuchomea nyumba kisha akakusaidia kubeba maji, humwiti jirani mwema."

Alikwenda Dar kutuma masahihisho. Safari hiyo alirefusha: alilirudisha lile neno kama aliloliacha mwanzo, akaongeza onyo, akaandika futa pale alipokuwa ameandika andaa. Juu yake akaandika barua kueleza yote yaliyotokea, Mbuchi, wazee, shamba, akaomba ielezwe katika mwongozo ili watafsiri wengine wajue. Na akaomba jina lake liondolewe.

Jibu lilikuja, naye akanisomea akitafsiri sentensi moja moja. Yule mama mratibu alimshukuru kwa uaminifu wake. Masahihisho yameingizwa siku hiyohiyo. Alisikitika sana kwa yaliyotokea, lakini mwongozo si mahali pa kuyaeleza. Na jina haliondolewi, kwani kila aliyechangia ana haki ya kutambuliwa. Asivunjike moyo. Lilikuwa kosa dogo, na kila mgeni hukosea mara ya kwanza.

"Kosa dogo," Mkalimani akarudia. Akaikunja karatasi. "Wamenisamehe kabla ya kunihukumu. Mtu anafanya nini na msamaha kama huo?"

Baada ya hapo hakuwatumia kitu tena. Niliwahi kumsikia akisema wale watu ni wema, na wema wao ndio uliomfukuza. Barua za watu aliendelea kuandika, lakini ndefu, kurasa kwa kurasa, anauliza na kuuliza tena, "Na mvua isiponyesha? Na asipokubali? Na ukifa?" Watu wakachoka. Mkata boriti mwingine alikuja na ugomvi wa mkewe, akatoka na kurasa tano, na mke hakurudi. Wateja wakapungua, na basi la Dar likisimama, alirudi chumba cha nyuma. Safari hii hata kama hakuna anayemjua.

Kisha akahamia Mahege, kwa binti yake, wakalima korosho na muhogo. Miaka ikapita. Umeme ukaja Kibiti, jenereta nikaliuza chuma chakavu, disketi zikawa kitu cha kuwaonyesha wajukuu. 

Nilipita kwake mara ya mwisho nikiwa njiani kwenda kwenye harusi Mbuchi. Nilimkuta uani ameketi kwenye mkeka, amekonda, kanzu imembaki kubwa. Binti yake akanipikia muhogo wa nazi. Tukazungumza za wagonjwa na za waliotangulia. Nikaona ni vizuri nimpe habari ambayo niliamini itampa faraja. Nikamwambia nilimwomba kijana wangu aitazame ile programu kwenye mtandao. Mwongozo umeandikwa upya wote. Sura ya disketi imeondolewa, maana hakuna anayezitumia. Ukurasa wake haupo tena.

"Na jina?"

"Orodha ile ya zamani kijana hakuiona. Yapo majina mapya."

Akachambua mzizi wa muhogo kwa vidole. Nikadhani amepumua.

"Basi hata kosa lenyewe halipo," akasema. "Shamba halipo, mzee hayupo, na sasa kosa halipo. Nikisema nilikosea, nitamwonyesha mtu nini?"

"Huna haja ya kumwonyesha mtu, shemeji."

"Wewe unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Yote? Na lile la andaa?"

"Na la andaa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wake akaukuta kamili.

Alinisindikiza mpaka barabarani, ingawa nilimkataza, akitembea taratibu na fimbo. Nikapanda pikipiki. Akanishika mkono.

"Ukifika Mbuchi nisalimie."

"Nimsalimie nani?"

Akafikiri. "Wote."

Pikipiki ikaondoka. Hatujafika mbali nikasikia anaita. Nikamwambia kijana asimame. Mkalimani alikuwa anakuja, nusu anakimbia, fimbo ameiacha nyuma, mkono mmoja ameinua. Alifika akihema, akashikilia kiti cha pikipiki mpaka pumzi ikamrudia.

"Shemeji, acha. Usinisalimie kwa mtu. Usinitaje."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Nikamwahidi. Nilikaa Mbuchi mpaka harusi ikaisha, na kila nilipoulizwa za Kibiti nilisimulia za watu wengine. Bi Mwanahawa, mzee sana sasa, aliniuliza kama namfahamu yule bwana aliyekuja zamani kuwaandika. Nikasema Kibiti imekuwa kubwa, siku hizi hatujuani. Na hapa vilevile nimeeleza yote niliyoyajua, ila jina lake sikuliandika.